Daftari la Mwaka wa Themanini na Sita

Melbourne, 9 Februari 1998

Kwako Shangazi Uinise,

Nakusalimu kutoka kwenye joto kali. Usidhani huku ni baridi mwaka mzima. Mimi ni mzima, ila jino moja la upande wa kulia linanisumbua. Jumapili sisi watu wa visiwa vya Tonga tulioko huku tuliimba kanisani mpaka majirani wakatoka nje kusikiliza. Mdogo wangu Meliame ameniandikia kwamba mwanawe Pisila ameanza kutembea na anakimbiza kuku wa watu. Nimefurahi.

Nina ombi, Shangazi. Kazi niliyopata hapa chuoni ni ya kuhesabu. Tunachukua kumbukumbu za zahanati kumi na moja za mjini, mwaka kwa mwaka tangu 1980, tunatafuta watoto walioletwa na kikohozi au mafua, kisha tunahesabu ni wangapi waliandikiwa antibiotiki. Miaka ya themanini idadi ilipanda hadi watoto sita katika kila kumi. Sasa inaanza kushuka. Madaktari wamekubali, wengine kwa kusukumwa, kwamba vikohozi vingi vinapona vyenyewe na kwamba dawa ikitolewa ovyo vijidudu vinaizoea.

Nilimwambia mkuu wangu, Dk. Ainsley, kwamba shangazi yangu ni muuguzi wa zahanati moja, kisiwa kimoja, miaka ishirini na mbili, na hajawahi kumtibu mtoto bila kuandika. Alisahau chai yake mezani. Tunaomba utuazime madaftari yako, ya 1980 hadi mwaka jana. Nitayatunza kama macho yangu.

Mpe baba salamu zangu.

Mtoto wako,
Lesieli


Fonuaiki, 2 Aprili 1998

Kwa binti wa kaka yangu,

Barua yako imefika wiki iliyopita, imelowa pembe moja. Ilikaa mji mkuu, Nuku'alofa, mwezi mzima kwa sababu meli ilikuwa kwenye matengenezo. Sisi tu wazima. Baba yako amemaliza kuezeka jiko la kanisa, akajigonga kidole gumba na nyundo, na sasa anajifanya hakimuumi. Viazi vikuu vimetoka vizuri mwaka huu. Meliame anasuka mkeka wa harusi na hautaisha leo wala kesho, maana mikono yake husimama kila anapoanza kuongea, na haachi kuongea. Hilo jino ling'oe. Ulikuwa mwoga wa kung'olewa meno tangu una miaka saba, na aliyekushika nilikuwa mimi.

Kuhusu madaftari: hayafai. Kimbunga kiliyalowesha, na yaliyosalia mende wameyamaliza. Hata yangekuwepo, mtu aliyekaa Melbourne atajuaje kikohozi cha Fonuaiki kwa kusoma karatasi? Mtoto haumwi kwenye karatasi. Mwambie daktari wako anywe chai yake.

Nimempa mke wa mchungaji kitambaa cha magome ya mti akutumie. Ukitandike kitandani, usikikunje kabatini.

Shangazi yako,
Uinise


Melbourne, 11 Mei 1998

Kwako Shangazi,

Asante kwa kitambaa. Kimetandikwa kitandani na kila anayeingia anakigusa. Jino nimeling'oa. Sikulia.

Baba alinipigia simu kutoka posta ya mji wa Pangai siku alipokwenda kununua misumari. Katika maongezi nikamuuliza kama kimbunga kiliharibu zahanati. Akasema hakikung'oa hata bati moja, na kwamba madaftari yako yamo kwenye kabati la juu, kila moja ndani ya mfuko wake wa plastiki. Usimkasirikie. Hakujua kwa nini nauliza.

Najua kwetu mtoto wa kaka habishani na shangazi yake. Utotoni nilikuwa naogopa hata kukanyaga mkeka wako. Kwa hiyo sibishani. Naomba nikusimulie jambo moja tu.

Wiki iliyopita, kwenye zahanati moja tunakohesabu, aliletwa mtoto wa Kitonga, miaka minne, sikio linatoa usaha. Mama yake alikuja na mfuko. Akauinamisha mezani zikatoka chupa tisa za dawa, kila moja kutoka kwa daktari wake, kila moja kwa mafua ambayo yangeisha yenyewe. Aliziweka kwa mstari kwa fahari, atuonyeshe kwamba yeye si mama mzembe. Sasa hakuna hata moja kati ya zile inayoliweza lile sikio. Halisikii tena. Yule mama aliniuliza kwa Kitonga, kwa sauti ya chini: "Nilikosea wapi? Nilimpa kila walichoniambia nimpe."

Nataka kulitafuta jibu lake, na nataka liwe na sisi ndani yake, si watoto wa Melbourne peke yao.

Mtoto wako,
Lesieli


Fonuaiki, 20 Juni 1998

Lesieli,

Wote wazima. Baba yako ana mdomo mrefu na nimemtumia salamu kupitia mkewe.

Mke wa mchungaji anakuja Melbourne kumtazama binti yake. Amebeba sanduku. Ndani mna madaftari kumi na saba. La 1986 halimo. Usiniulize.

Uinise


Melbourne, 24 Agosti 1998

Kwako Shangazi mpendwa,

Sanduku limefika salama. Mke wa mchungaji alilikalia kwenye basi kutoka uwanja wa ndege, hakumwachia dereva. Huku sasa ni baridi, navaa soksi mbili mbili. Nimesikia baba ana kikohozi. Tafadhali nijulishe anaendeleaje.

Nimemaliza kusoma. Wiki sita nimeishi na mwandiko wako. Nimewakuta watu wazima ninaowajua wakiwa wachanga wenye upele. Nimejikuta mwenyewe, Machi 1980, nimekanyaga miba ya baharini, "analia kupita kiasi."

Kwanza nikuambie lililotunyamazisha sote ofisini. Watoto wenye koo lililojaa usaha uliwachoma penisilini bila kuruka hata mmoja, na wale wawili ambao homa ya koo ilikuwa imeshagusa mioyo yao uliwachoma kila mwezi kwa miaka kumi, mmoja ukimfuata kwa mtumbwi shambani kwao. Hakuna mtoto mwingine wa Fonuaiki aliyeharibika moyo baada ya hao. Dk. Ainsley ametembea dunia nzima na hajaona kitu kama hicho.

Sasa la pili. Tangu 1980 hadi 1985, watoto wa kikohozi na mafua ulikuwa ukiwapa dawa wawili katika kila kumi. Ulikuwa mbele ya Melbourne kwa miaka mingi. Daftari la 1987 linapofunguka, ni tisa katika kila kumi. Haishuki tena, hadi Desemba iliyopita. Hata mtoto uliyemwandikia "pua inachuruzika, anacheza" alipewa chupa.

Dk. Ainsley ameandika kwenye rasimu ya ripoti yetu kwamba ni "muuguzi aliyekosa mafunzo ya kutosha". Nimemwambia sentensi hiyo haitatoka humu ofisini. Aliyekosa mafunzo haanzi vizuri miaka sita kisha akasahau kila kitu kwa siku moja.

Uliniambia nisikuulize. Siulizi kwa ajili ya chuo. Nauliza kwa sababu mwaka huo nilikuwa shule ya bweni kisiwa kikuu cha Tongatapu, miaka kumi na tano, nikaitwa nyumbani kwa msiba wa mdogo wangu Kaveinga. Niliambiwa ni homa ya ghafla. Sikuambiwa zaidi, na mimi sikuuliza zaidi.

Mtoto wako,
Lesieli


Fonuaiki, 29 Septemba 1998

Lesieli mwanangu,

Baba yako amepona. Meliame amemaliza ule mkeka, amini usiamini. Nguruwe wawili wa mwalimu waliingia kwenye magimbi yangu, na mwalimu mwenyewe sikumsema, kwa sababu nitakayokueleza hapa.

Mwezi wa saba binti yake, Sisilia, miaka mitatu, alishikwa na nimonia. Nilimpa dawa ya pinki, ile amoksilini ninayowapa wote. Siku ya tatu homa ikapanda badala ya kushuka. Mwalimu aliniambia ni mara ya tano mwaka huu anakunywa dawa hiyo. Alisema hivyo kwa nia njema, kunionyesha kwamba mtoto ameizoea na haitapiki. Tulimpeleka hospitali ya Pangai kwa boti, wakamchoma dawa nyingine kali kwa wiki mbili. Amerudi, amekonda, anaishi. Mimi ndiye niliyempa zile chupa nne za mwanzo, kwa mafua. Niliangalia kwenye daftari.

Kwa hiyo nakutumia la 1986. Fungua tarehe 18 Agosti, Jumatatu. Imeandikwa: "Kaveinga, mtoto wa Malakai, miezi kumi na minne. Kikohozi siku mbili. Hana homa kubwa. Maji, kumpaka mafuta kifuani. Nyumbani." Mama yako alimbeba, akauliza kama ampe dawa. Nikamwambia ni mafua, watoto wote kisiwani wana mafua. Kulikuwa na foleni hadi barabarani. Sikumvua nguo.

Jumatano walimrudisha, midomo imegeuka rangi. Alifia kwenye boti, tunaiona Pangai, mikononi mwangu.

Sasa usikie lile ambalo sijamwambia mtu. Kama ningekuwa mtu baki wangenitukana, wangeipiga mawe zahanati, na pengine ningelala usingizi. Lakini mimi ni dada wa baba yake. Kwetu shangazi hasemwi. Siku ya maziko nilikalishwa kichwani pa mtoto, mahali pa heshima, wakaniletea mikeka mizuri na vitambaa kama desturi inavyotaka. Mama yako mwenyewe alinitandikia. Mimi niliyemrudisha nyumbani. Baba yako hakuniuliza neno siku ile, wala mpaka leo. Hawezi kuniuliza.

Jumatatu iliyofuata alikuja mtoto anapiga chafya. Nilimpa chupa. Na aliyefuata nikampa. Sijui hata kama nilikuwa nawatibu wao.

Hiyo ndiyo hesabu yako ya tisa katika kumi. Mwambie Dk. Ainsley aandike anavyotaka.

Uinise


Melbourne, 2 Novemba 1998

Kwako Shangazi Uinise,

Nilipata barua na daftari siku moja. Kazini nilisema naumwa, nikakaa siku mbili ndani. Mwili ni mzima, hakuna habari nyingine.

Nitasema jambo ambalo mtoto wa kaka hapaswi kulisema, na ukitaka kutoniita mtoto wako tena, nitaelewa.

Ulikosea, Shangazi. Ulipaswa kumvua nguo na kutazama kifua chake. Nimeona nikuambie mimi, kwa sababu kwa miaka kumi na miwili hakuna aliyethubutu, na nadhani kule kunyamaziwa kumekuumiza kuliko ambavyo lawama ingekuumiza.

Na la pili ni kweli vilevile: hakuna aliyekufundisha utazame nini. Nimetafuta miongozo uliyopewa mafunzoni. Hakuna hata ukurasa mmoja unaosema hesabu pumzi. Nilikasirika sana. Nina hasira nawe, na nina hasira na waliokuacha peke yako na foleni ile.

Sasa sikiliza, maana hapa tuna kazi. Ndani ya bahasha kuna saa ndogo inayolia baada ya dakika moja. Mtoto akiwa ametulia, halii, hanyonyi, inua nguo, tazama kifua na tumbo, hesabu dakika nzima. Aliye chini ya mwaka, pumzi hamsini au zaidi. Wa mwaka mmoja hadi mitano, arobaini au zaidi. Zikifika hapo, mpe dawa bila kusita. Mbavu za chini zikibonyea ndani anapovuta hewa, au akishindwa kunyonya, anza dawa na umpeleke Pangai siku hiyohiyo. Asiyefika huko na anacheza, mpe vinywaji, mwambie mama arudi haraka akibadilika, na wewe mwenyewe umtazame tena baada ya siku mbili. Sindano za koo na za moyo usiziguse hata kidogo. Hizo wewe ndiye unapaswa kutufundisha.

Chupa ulizotoa hazikumlinda hata mmoja ambaye hakuzihitaji, na Sisilia zilikaribia kumpoteza. Ungemhesabu Kaveinga ile Jumatatu, pengine ungempa dawa, pengine asingefika arobaini na ungemwona tena Jumanne. Sijui. Lakini watoto waliobaki tunaweza kuwahesabu.

Dk. Ainsley ameifuta ile sentensi. Nilimwambia akiibakiza nafunga sanduku na kuondoka na madaftari. Baba sijamwambia kitu. Hilo ni lako.

Lesieli


Melbourne, 21 Desemba 1998

Kwako Shangazi,

Nakutakia heri ya Krismasi. Nimesikia kwamba mwezi uliopita mliimba vizuri kanisani na kwamba Pisila alilala katikati ya mahubiri.

Sijapata jibu lako. Meli imekwenda na kurudi mara tatu. Kama nilikuvunjia heshima, nakuomba radhi kwa kukuvunjia heshima. Kwa nilichokisema siwezi kuomba radhi.

Lesieli


Fonuaiki, 16 Februari 1999

Lesieli mwanangu,

Tu wazima wote. Baba yako amepanda muhogo, mvua imemsaidia. Mwalimu amejenga uzio, nguruwe wake wanauangalia kwa huzuni. Mchungaji ana jipu shingoni na anahubiri ametazama upande mmoja, wa wanawake, nao wanaamini ni wao wanaosemwa.

Barua yako ya Novemba niliisoma na nikaiweka chini ya godoro wiki tatu. Nilikuwa na hasira nawe ambayo sijawahi kuwa nayo na mtu. Nilipanga maneno ya kukujibu nikiwa shambani, nikiwa naosha vyombo. Kila nikifika kwenye lile neno, "ulikosea", nilikuta sina la kulijibu, na kwamba mabega yangu yameshuka. Siwezi kukueleza zaidi ya hapo.

Kisha nikachukua ile saa.

Mwanzo ilikuwa vurugu. Mama wa kwanza niliyemrudisha bila chupa aliuliza mbele ya foleni kama dawa zimekwisha au nimezeeka. Wa pili alikwenda kwa mchungaji kunishtaki. Mchungaji alikuja, nikamwekea mtoto mbele yake, nikampa saa, nikamwambia ahesabu mwenyewe. Akapata thelathini na moja. Akaondoka. Wale niliowarudisha niliwafuata nyumbani kila jioni, nyumba kwa nyumba, niwahesabu tena. Miguu imevimba lakini sikuruka nyumba. Wawili nilikuta pumzi zao zimepanda, nikawapa dawa palepale, na dawa ikafanya kazi.

Sasa nikueleze ya Alhamisi iliyopita, ndiyo maana ya barua hii.

Meliame alimleta Pisila. Kikohozi, homa, macho mekundu. Baba yako alikuja naye, akakaa barazani ameupa mlango mgongo, kama kaka anavyopaswa kukaa dada yake akiwa ndani. Nilimvua mtoto nguo, nikamwacha atulie mapajani pa mama yake, nikahesabu. Thelathini na sita. Nikarudia, thelathini na sita. Mbavu haziingii ndani. Koo nikalitazama, halina kitu.

Nikamwambia Meliame arudi naye nyumbani. Alilitazama tu kabati la dawa, machozi yakamtoka. Kisha akaniomba nimpe kidogo, ya kumtoa wasiwasi. Nikamwambia dawa si ya wasiwasi wa mama. Mkono wangu, Lesieli, ulikuwa umeshakwenda kwenye ufunguo. Niliuona umekwenda. Niliurudisha.

Ndipo baba yako akasema kutoka nje, bila kugeuka: "Dada, umepata ngapi?"

Miaka hamsini na tatu ni kaka yangu, hajawahi kuniuliza kuhusu kazi yangu. Nikamjibu thelathini na sita.

Nikasikia anahamisha miguu kwenye mbao. Kisha akauliza: "Na siku ile zilikuwa ngapi?"

Meliame aliinamisha kichwa. Hakukuwa na haja ya mtu kuuliza siku ipi.

"Sikuhesabu," nikasema. "Nilimrudisha mtoto wako nyumbani bila kumtazama kifua. Nilikosea, Malakai."

Nilimsikia akilia. Sikutoka, haifai. Na yeye hakuingia. Ukuta ulikuwa kati yetu na tulilia kila mtu upande wake, na Meliame katikati hajui amshike nani. Pisila ndiye aliyekuwa ametulia kuliko sote.

Baada ya muda baba yako akajipangusa pua, akasema: "Basi kesho asubuhi uje umhesabu. Na jioni." Akamwita Meliame, "Mbebe mtoto, twende." Akaondoka nao bila chupa.

Nilikwenda asubuhi, na jioni, na asubuhi tena. Ijumaa jioni alifika thelathini na tisa, nikakaa pale kwenye mkeka saa nzima, dawa iko kwenye mfuko wangu, nikihesabu kila baada ya dakika kumi. Baba yako alikaa nje ya dirisha na kila nilipomaliza nilimtajia namba. Thelathini na nane. Thelathini na nane. Thelathini na tano. Jumamosi alikuwa thelathini. Jumapili alikimbia kanisani na kiatu kimoja.

Mwezi wa Januari watoto hamsini na wawili walikuja na kikohozi au mafua. Dawa nimewapa tisa. Mmoja nimempeleka Pangai, amerudi. Hakuna aliyekufa. Andika hivyo, na uandike pia kuhusu Kaveinga, kwa jina lake. Baba yako amekubali. Niliuliza kupitia kwa mama yako.

Ile saa moja haitoshi, nitumie nyingine sita. Wauguzi wa visiwa viwili vya jirani wamesikia ninachofanya na mmoja amesema waziwazi kwamba nitaua watoto wa watu. Jumanne ijayo nachukua boti niende kwake. Nitakaa kwenye zahanati yake wiki nzima, tuhesabu pamoja, na atanibishia mpaka achoke. Mimi sichoki.

Shangazi yako,
Uinise